Mke wa nne aliyemshinda mumewe kwenye kura: tuifungue vizuri stori ya Dk. Martha Hughes Cannon

Wengi waliowahi kulisikia jina la Martha Hughes Cannon wamelisikia kwa sentensi moja tu, kwamba mwaka 1896 huko Utah, Marekani, mwanamke aligombea useneta wa jimbo akamshinda mume wake mwenyewe, basi, watu wanacheka, wanapiga makofi, stori imeisha. Na ni kweli ilitokea. Tarehe 3 Novemba 1896 Martha alichaguliwa kuwa seneta, mwanamke wa kwanza kuingia seneti ya jimbo lolote Marekani nzima, na mumewe Angus alikuwa kwenye karatasi hiyohiyo ya kura akakosa. Ila ukiishia hapo umeacha karibu kila kitu cha maana. Huyu mama alikuwa daktari kabla ya kuwa mwanasiasa, alikuwa mke wa nne katika ndoa ambayo kwa sheria ya nchi ilikuwa kosa la jinai, alishakimbia nchi na mtoto mchanga mgongoni ili asisimamishwe mahakamani, alishakuwa na haki ya kupiga kura akanyang'anywa halafu akarudishiwa, na hata hizo kura za 1896 hazikupigwa kwa namna watu wanavyodhani. Twende taratibu, tufungue fundo mojamoja.

Alizaliwa 1 Julai 1857 karibu na Llandudno, kule Wales. Wazazi wake walijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio hao wanaoitwa Wamormoni, na kama waumini wengi wa Ulaya wa enzi zile wakaitikia mwito wa kuhamia Utah kuungana na wenzao. Wakavuka bahari mwaka 1860, wakakaa kwanza New York, mwaka uliofuata wakaanza ile safari ndefu ya magari ya kukokotwa kupita nyanda mpaka milimani. Mdogo wake Annie alifia njiani akazikwa hukohuko. Baba yake, Peter, alikuwa mgonjwa muda wote, akafika Salt Lake City akiwa hoi na siku ya tatu baada ya kufika akafariki. Martha alikuwa na miaka 4. Mama yake akaolewa tena na James Paul, seremala, mgane mwenye watoto wake, na huyu baba wa kambo ndiye aliyemtia moyo sana kusoma, Martha alimpenda mpaka akawa anatumia jina lake, Mattie Paul Hughes.

Sasa hapa inabidi tuelewe Utah yenyewe ilikuwaje. Wamormoni waliingia kwenye bonde la Salt Lake mwaka 1847 wakati ni jangwa na chumvi tupu, reli ilikuja kufika Utah 1869, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 ukiugua unategemea mitishamba, maombi, na mkunga. Na wakunga walikuwa watu wa heshima kubwa, wanazalisha, wanafunga mifupa, wanakesha na wagonjwa wa dondakoo. Madaktari wa chuo walikuwa wachache na viongozi wa kanisa wenyewe walikuwa hawawaamini sana. Lakini reli ilipofika mambo yakabadilika, miji ikajaa, magonjwa ya kuambukiza yakaja na wageni, na Brigham Young, kiongozi mkuu wa kanisa, kwenye miaka ya 1870 akaanza kuhimiza wanawake waende kusomea udaktari vyuo vya mashariki ya nchi. Sababu yake ilikuwa rahisi tu, alitaka wanawake watibiwe na wanawake. Romania Pratt akaenda Philadelphia akahitimu 1877, Ellis Shipp naye akamaliza 1878, tena hawa walikuwa wake wa watu na wamama wa watoto, wenzao walibaki nyumbani kuwalelea.

Watu wengi hawategemei kabisa hili. Jamii ambayo Marekani nzima iliiona kama gereza la wanawake ndiyo iliyokuwa inawapeleka wanawake kusomea udaktari, kwa baraka za kanisa.

Martha alikuwa mmoja wao. Akiwa na miaka 14 alishaanza kufundisha shule, halafu akaenda kufanya kazi ya kupanga herufi za chapa kwenye gazeti la Deseret News na baadaye Woman's Exponent, gazeti la wanawake wa Kimormoni, kazi ya kusimama kutwa nzima unaokota herufi moja moja za madini ya risasi. Mchana chapa, na pembeni anasoma kemia kwenye Chuo Kikuu cha Deseret ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Utah. Alikata nywele fupi kupunguza usumbufu na akawa anavaa mabuti ya kiume sababu barabara za Salt Lake City zilikuwa tope, watu wakasema waliyosema, yeye anatembea. 1878 akamaliza kemia, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kusomea udaktari, huko alikuwa anaosha vyombo na kutandika vitanda kwenye nyumba ya kupangisha ili apate hela ya kuishi. Shahada ya udaktari alipewa 1 Julai 1880, siku aliyotimiza miaka 23.

Angeweza kurudi nyumbani hapo hapo. Hakurudi, akaenda Philadelphia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwa mwanamke pekee darasani, na wakati huohuo akajiandikisha kwenye shule ya ufasaha wa kuzungumza mbele ya watu. Hii ya mwisho naiona ina uzito kuliko inavyopewa. Daktari anayetaka tu kukaa kliniki hahitaji kujifunza kuhutubia. Huyu alishajua kwamba ugonjwa hauishii kitandani kwa mgonjwa, kwamba itabidi mtu asimame mbele ya umati aeleze habari za maji machafu na hewa nzito na vyoo, na watu hawakusikilizi kama hujui kusema. Siasa yake ilianzia hapo, si 1896.

Akarudi Utah 1882, mwaka uleule Hospitali ya Deseret ilipofunguliwa na muungano wa kina mama wa kanisa, na akawa daktari mkazi. Ilikuwa hospitali ya kina mama hasa, wanawake wakiwa madaktari, wanawake wakiwa kwenye bodi, wajawazito wengi, upasuaji, mafunzo ya wakunga. Na hapo ndipo alipokutana na Angus Munn Cannon, mtu mzima mwenye cheo, kiongozi wa kanisa wa eneo zima la Salt Lake na mhusika kwenye uongozi wa hospitali, ndugu yake George Q. Cannon alikuwa mmoja wa viongozi wa juu kabisa wa kanisa. Angus alimzidi Martha miaka 23 na alikuwa ana wake watatu, wawili kati yao ndugu wa damu aliowaoa siku moja mwaka 1858. Tarehe 6 Oktoba 1884 akamwoa Martha kwa siri. Mke wa nne.

Msomaji aliyekulia mahali ambapo mke wa pili au wa tatu anaolewa mchana kweupe, na ngoma inapigwa, atauliza siri ya nini. Jibu liko kwenye sheria. Tangu 1862 Bunge la Marekani lilishapiga marufuku mitala kwenye maeneo yote yanayotawaliwa moja kwa moja na serikali kuu, na Utah ilikuwa mojawapo, bado haijawa jimbo kamili, gavana analetwa kutoka Washington, majaji wanaletwa. Ila sheria ya 1862 haikuwa na meno, maana ili umtie mtu hatiani lazima uthibitishe harusi ilifungwa, na harusi zilifungwa kwa siri na wanaojua hawasemi. Mwaka 1882 ikaja Sheria ya Edmunds, hiyo ikapita njia nyingine, ikasema hatuhitaji kuthibitisha harusi, mwanaume akionekana tu anaishi na wanawake zaidi ya mmoja kama wake zake ni kosa, jela miezi 6 na faini dola 300, na mwenye mitala hapigi kura wala hagombei chochote. Angus akakamatwa mwanzoni mwa 1885, akahukumiwa, akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani akisema kwamba haijathibitishwa alikuwa analala na wake hao, na mahakama ikamjibu mwaka huohuo kwamba haihitajiki kuthibitisha hilo, kukaa nao na kuwatambulisha kama wake inatosha. Ile hukumu ndiyo iliyofungua mlango, mamia ya wanaume wakaingia jela baada yake.

Sasa mweke Martha kwenye picha hiyo. Yeye ni daktari wa uzazi kwenye hospitali ya Wamormoni, anajua nani kazaa na mtoto ni wa nani, kichwani mwake kuna ushahidi wa kufunga nusu ya mji. Mwendesha mashtaka akimwita kama shahidi ana mawili, aseme na baba za watoto wale waende jela, au anyamaze yeye mwenyewe aende. Halafu la pili, yeye mwenyewe ana mimba. Septemba 1885 akamzaa Elizabeth, na kwa mke wa siri mtoto ni ushahidi unaolia. Kisheria hakuwa mke wa Angus, kwa hiyo hata ile kinga ya mke kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe hakuwa nayo. Mwaka 1886 akambeba mtoto akaondoka kwenda Uingereza.

Alikaa ughaibuni karibu miaka miwili, akitumia majina ya bandia, akihama nyumba hadi nyumba, mtoto anaugua, hela hakuna, barua zinachelewa. Alitembelea hospitali za Uingereza, akafika Ufaransa na Uswisi, akawa anaangalia wenzake wanafundishaje wauguzi. Barua alizomwandikia Angus zipo mpaka leo na zinauma kuzisoma. Kwenye moja anasema bora awe mgeni katika nchi ya ugenini akiwa ameinua kichwa kuliko kuwa mateka wa kujificha-jificha nyumbani kwao. Kwenye nyingine anatetea ndoa ya mitala kwamba anaiamini kwa dini yake kabisa, na palepale anaonyesha wivu na upweke wa mtu ambaye mumewe yuko mbali na ana nyumba nyingine, na katika miaka hiyohiyo Angus aliongeza wake wengine wawili, wakawa 6. Mimi nadhani tumsikilize katika yote mawili, imani na maumivu, bila kuchagua upande mmoja tukasema huo ndio ukweli na ule mwingine ni kujifanya. Aliamini na iliuma. Watu wa dini wanaishi hivyo kila siku.

Aliporudi alianzisha shule ya kufundisha wauguzi, ya kwanza Utah, ikiwa imejaa mambo aliyoyaona Ulaya.

Fundo linalofuata ni la kura, na hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Wanawake wa Utah walipewa haki ya kupiga kura Februari 1870, miaka 50 kabla ya nchi nzima. Wyoming walitangulia kidogo kwa kupitisha sheria Desemba 1869 lakini Utah uchaguzi ulikuja mapema zaidi, na tarehe 14 Februari 1870 mwalimu mmoja kijana, Seraph Young, akapiga kura Salt Lake City, wa kwanza Marekani chini ya sheria ya usawa wa kura. Kwa nini Utah? Kuna watu Washington walioamini kwamba ukiwapa wanawake wa Kimormoni kura wataitumia kuiangusha mitala. Na wanaume wa Kimormoni nao walitaka kuionyesha dunia kwamba wake zao si watumwa. Pande mbili zinazochukiana zilikuwa zinaitaka kura ileile kwa sababu zinazopingana! Wanawake wakapiga kura, hawakuiangusha mitala, na wale wa Washington wakakasirika. Mwaka 1887 ikaja Sheria ya Edmunds na Tucker, ikataifisha mali za kanisa zilizozidi dola 50,000, na ndani yake kukawekwa kifungu kinachowanyang'anya kura wanawake wote wa Utah, Mormoni na asiye Mormoni, mwenye mume mmoja na mwenye nusu ya mume. Miaka 17 ya haki ikafutwa.

Ndipo mapambano yakaanza upya. Mwaka 1890 rais wa kanisa Wilford Woodruff akatoa tangazo rasmi la kuacha kufunga ndoa mpya za mitala, mlango wa kuwa jimbo ukafunguka, na wanawake wakaona hii ndiyo nafasi, Katiba ya jimbo jipya iwe na kura yetu ndani. Wakajipanga wilaya kwa wilaya. Mwaka 1893 Martha alikwenda Chicago kwenye maonyesho makubwa ya dunia akahutubia mkutano wa wanawake, hapo ile shule ya kuongea ikalipa. Kwenye mkutano wa Katiba wa 1895 B. H. Roberts, kiongozi wa kanisa na msemaji hodari, alipinga kwa siku nyingi akisema kuweka kura ya wanawake kutahatarisha ujimbo wenyewe, akashindwa. Tarehe 4 Januari 1896 Utah ikawa jimbo la 45, na Katiba yake ikasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba mitala imepigwa marufuku milele, na kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kupiga kura na kushika ofisi. Martha alisimama kwenye vifungu vyote viwili kwa wakati mmoja, kimoja kinampa kiti, kingine kinaikana ndoa yake.

Haya, tufike kwenye huo uchaguzi. Kaunti ya Salt Lake ilikuwa na viti 5 vya seneti ya jimbo vinavyogombewa na kaunti nzima, yaani hakukuwa na eneo dogo la uchaguzi ambamo mke na mume wanatazamana macho kwa macho, kila mpiga kura anachagua watu 5 na watano wenye kura nyingi wanaingia. Martha alikuwa kwenye orodha ya Democrats, Angus kwenye orodha ya Republicans. Na kwenye orodha ya Republicans alikuwepo pia Emmeline B. Wells, mhariri wa lile gazeti la Woman's Exponent ambako Martha alikuwa anapanga herufi, mwanamke aliyepigania kura miaka mingi mno, naye akashindwa. Hili halisemwi sana na linanisikitisha, maana ukisimulia kama ni mke dhidi ya mume unamfuta kabisa huyu mama mwingine.

Na kwa nini mke na mume walikuwa vyama tofauti? Kabla ya hapo siasa ya Utah haikuwa ya Democrats na Republicans kabisa, ilikuwa chama cha Wamormoni dhidi ya chama cha wasio Wamormoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 vyama hivyo vikavunjwa ili Utah ionekane kama sehemu nyingine za nchi, na waumini wakagawanyika. Wengi kwa kawaida walielekea Democrats, maana Republicans ndio walioendesha ile vita dhidi ya mitala, kwa hiyo viongozi wa kanisa wakawahimiza baadhi yao waingie Republicans ili kuwe na mizani. Mgawanyiko ukapita katikati ya familia. Halafu 1896 ulikuwa mwaka wa William Jennings Bryan, mgombea urais wa Democrats, na ishu ya fedha, maana yake ile madini ya fedha, Utah ni nchi ya migodi na Bryan alitaka sarafu ziendelee kutengenezwa kwa fedha kwa wingi, Utah ikampa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Wimbi hilo likawabeba Democrats wote 5 wa Salt Lake. Yaani Angus angegombea na malaika mwaka ule bado angekosa.

Je, hii inapunguza ushindi wake? Kwangu mimi haipunguzi. Ili ubebwe na wimbi lazima kwanza jina lako liwe kwenye orodha, na chama kilimweka daktari mwanamke, mke wa mitala, mama wa watoto, kati ya majina yake 5. Gazeti la Salt Lake Herald liliandika kwamba kati ya wale wawili yeye ndiye mwanaume bora zaidi, mpelekeni seneti na mume abaki nyumbani. Siku chache baada ya uchaguzi gazeti la San Francisco lilimhoji, akasema ile kauli inayonukuliwa mpaka leo, kwamba mke wa mitala si mtumwa kama mke aliye peke yake, maana mume akiwa na wake wanne basi yeye anapata wiki tatu za uhuru kila mwezi. Na akasema kwamba ukimletea yeye mwanamke anayewaza kitu zaidi ya jiko na beseni la kufulia na nepi, atakuonyesha, mara tisa kwa kumi, mama aliyefanikiwa. Wanawake wawili wengine, Eurithe LaBarthe na Sarah Anderson, walichaguliwa siku hiyohiyo kwenye baraza la wawakilishi la Utah. Colorado walishaingiza wanawake kwenye baraza lao tangu 1894, lakini seneti ya jimbo ilikuwa haijawahi kuona mwanamke popote.

Tumefika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Ndani ya mwezi wa kwanza tu bungeni, mwanzoni mwa 1897, alileta miswada mitatu, na yote mitatu imeandikwa na daktari.

Wa kwanza unahusu viti. Wasichana wanaouza madukani walikuwa wanasimama kuanzia asubuhi mpaka usiku, marufuku kukaa hata kama duka halina mteja. Muswada ukamlazimu mwajiri aweke viti au stuli kwa wafanyakazi wa kike ili wakae wanapokuwa hawahudumii mtu. Watu wanaweza kuona ni jambo dogo ila huyu alishasimama yeye mwenyewe kutwa nzima kwenye meza ya chapa, halafu miaka mingi anawapokea wanawake hospitali na miguu iliyovimba na mishipa na mimba zinazosumbua, anajua hasa kusimama masaa 12 kunafanya nini kwenye mwili.

Wa pili ulilazimisha watoto viziwi, bubu na vipofu wapelekwe shule. Wengi walikuwa wanafichwa majumbani, si kwa ubaya kila mara, wazazi waliona ni aibu au hawakujua kwamba mtoto wa hivyo anafundishika. Baadaye aliingia kwenye bodi ya shule ya jimbo ya viziwi, na kikao cha 1899 akapigania wajengewe jengo la hospitali.

Wa tatu ndio mkubwa, kuunda Bodi ya Afya ya Jimbo. Kabla yake kila mji ulikuwa unajifanyia, huku wanaweka karantini kule hawaweki, huku wanaandika vifo kule hawaandiki, na homa ya matumbo haijui mpaka wa kaunti. Utah ni nchi kavu, maji yanatoka milimani kwa mifereji, mji wa juu wakichafua mfereji wa chini wanakunywa, kwa hiyo hata kama mji wako ni msafi kiasi gani bila mamlaka ya juu yako na ya jirani yako huna kinga. Bodi ikaundwa, na Martha akawa mmoja wa wajumbe wake wa kwanza.

Ilipimwa mapema sana. Ndui iliingia Utah kwa nguvu mwaka 1899 na 1900, bodi ikaamuru watoto wasiochanjwa wasiende shule, na jimbo likalipuka, wazazi wakakataa, gazeti la kanisa likapinga chanjo ya lazima, mwaka 1901 bunge likapitisha sheria ya kuzuia kulazimisha chanjo kwa wanafunzi, gavana Heber Wells akaipiga veto na bunge likaivuka veto yake. Martha alikuwa ameshamaliza kipindi chake cha useneta wakati huo. Bodi ilipigwa ikabaki imesimama, na kubaki kwake ndiko kulikofanya kazi polepole kwa miaka iliyofuata.

Februari 1898 alikuwa Washington akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu Utah imefanyaje na kura ya wanawake. Alikuwa anafika mbali, kuna waliokuwa wanamtaja kwa nafasi za juu zaidi. Halafu Aprili 1899, bado ni seneta, akajifungua mtoto wake wa tatu, Gwendolyn.

Fikiria hesabu yake. Tangazo la kuacha mitala limetoka 1890. Katiba imesema marufuku milele. Na wakati huohuo B. H. Roberts, yuleyule aliyepinga kura ya wanawake, amechaguliwa kwenda Bunge la Marekani na nchi nzima inapiga kelele kwamba ana wake zaidi ya mmoja, Januari 1900 bunge lilikuja kumnyima kiti kwa kura 268 kwa 50. Katikati ya moto huo seneta wa Utah, mke wa nne, anazaa. Angus akashtakiwa tena, akatozwa faini ya dola 100. Martha hakushtakiwa, ila safari yake ya kisiasa iliisha hapo, hakugombea tena. Angus alilipa dola 100, Martha alilipa kazi yote iliyokuwa mbele yake. Wanaosema ndoa ile haikuwa na gharama kwake waangalie hapa, na wanaosema alikuwa tu mtumwa wa ndoa ile wakumbuke kwamba mtoto alikuja akiwa na miaka 41, ni daktari, anajua mwili wake na anajua sheria vizuri kuliko waliomhukumu.

Angus alifariki 1915. Martha alihamia Los Angeles kuwa karibu na mtoto wake wa kiume, akaendelea na kazi kliniki, akajishughulisha na kifua kikuu na tatizo la uraibu wa dawa, na aliishi mpaka akaona marekebisho ya Katiba ya 1920 yanawapa wanawake wa nchi nzima kile alichonyang'anywa 1887. Alifariki 10 Julai 1932, akarudishwa Salt Lake City akazikwa karibu na Angus. Shajara zake aliagiza zichomwe moto na zikachomwa, ndiyo maana kila anayeandika habari zake anaegemea zile barua za ughaibuni, ambazo ni za kipindi kimoja kigumu tu cha maisha ya miaka 75. Utasoma mahali anaonekana mwanamke aliyevunjika, mahali pengine shujaa asiyetikisika, na tofauti inatokana na mwandishi kashika barua au kashika gazeti.

Jengo la idara ya afya ya Utah lilipewa jina lake. Mwaka 2018 bunge la jimbo likapitisha kwamba sanamu yake ipelekwe kwenye jengo la Bunge mjini Washington, ambako kila jimbo linaruhusiwa sanamu mbili tu, ikichukua nafasi ya Philo Farnsworth, mmoja wa wavumbuzi wa televisheni, na mjadala ulikuwa mkali kwelikweli maana Farnsworth naye ana wapenzi wake Utah. Ilipangwa iwekwe 2020, karne moja ya yale marekebisho ya Katiba, ikaja korona ikasogezwa. Ilizinduliwa Desemba 2024, imechongwa na Ben Hammond.